Mwili Unapokataa Kutulia

Wengi wanaokuja kliniki na maswali kama yanayofuata hapa wameshapimwa malaria, sukari na wingi wa damu. Majibu yametoka mazuri, na bado moyo unawaenda mbio. Kuambiwa "huna kitu" hakuwasaidii, kwa sababu kitu wanakisikia.

Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nikiitwa tu ofisini, moyo unaenda mbio, viganja vinalowa jasho, tumbo linavurugika. Je, akili yangu ina tatizo?

Marahaba, mwanangu. Hapana. Una mfumo wa neva unaofanya kazi yake kwa bidii kupita haja.

Neva zinazoendesha moyo, mapafu na tumbo bila idhini yako ziko za aina mbili. Za kwanza, ziitwazo simpathetiki, huamsha mwili. Tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, ini hutoa sukari, damu hupunguzwa tumboni na kupelekwa kwenye misuli, na mmeng'enyo wa chakula huahirishwa. Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyaeleza haya katika kitabu chake cha mwaka 1915: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Shida ni kwamba neva hizi huitikia barua ya onyo kazini kama zinavyomwitikia chui.

Za pili, parasimpathetiki, hutuliza, na kubwa kuliko zote ni neva ya vagasi. Inaanzia sehemu ya chini ya ubongo, inapita shingoni na kifuani mpaka tumboni. Moyo usiofikiwa na neva yoyote hupiga kama mara 100 kwa dakika. Wako, ukiwa umekaa umepumzika, unapiga 70 hivi kwa sababu vagasi inaushikia breki muda wote. Unapoitwa ofisini, breki hiyo inaachiwa ghafla, na adrenalini inafuata.

Najiambia "tulia, tulia", lakini ndiyo kwanza hali inazidi. Kwa nini?

Moyo hauchukui amri za maneno, wala tumbo. Lakini pumzi ni tofauti na viungo hivyo: usiku inajiendesha yenyewe, na mchana unaweza kuishika ukaiendesha wewe. Mlango uko hapo.

Weka vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, kisha upumue polepole. Watu wengi, hasa vijana, husikia mapigo yakiharakisha kidogo wanapovuta hewa na kupungua wanapoitoa. Ni vagasi inayolegea na kukaza. Kwa hiyo refusha kutoa kuliko kuvuta. Vuta kwa pua sekunde 4, toa sekunde 6, bila kubana katikati. Hapo unapumua mara 6 kwa dakika, wakati kawaida ya mtu mzima aliyepumzika ni mara 12 hadi 20. Fanya dakika 5 kila siku, hata siku ambazo huna shida, ili mwili uizoee njia hiyo kabla ya siku ya kuitwa ofisini.

Nina onyo hapa, kwa sababu ushauri mbaya unatolewa kila mahali. Mtu mwenye hofu huambiwa "vuta pumzi kubwa, kubwa zaidi", naye anahema kwa nguvu mpaka kabonidioksaidi inapungua mno katika damu. Matokeo yake ni kizunguzungu, ganzi kwenye vidole na midomo, na hofu mara mbili. Pumzi iwe ndogo na ya taratibu, kiasi kwamba aliyekaa jirani yako asiisikie.

Jambo hili wazee wa dini waliligusa zamani bila kifaa chochote. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, waliwapima watu 23 wakisali Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini, na wakikariri mantra ya Kibuddha. Kwa sala zote mbili, pumzi ilishuka hadi karibu mara 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaenda sambamba nayo. Anayesali kwa utulivu, au kuimba kwaya kwa kushikilia noti ndefu, anarefusha pumzi ya kutoka pasipo kuhesabu sekunde.

Daktari, mimi nina mkopo wa kausha damu na marejesho ni kila siku. Pumzi itanilipia?

Haitakulipia, mama, na mtu asikudanganye.

Lakini chanzo cha hofu yako kiko nje ya mwili wako, na kuna utafiti uliofanyika karibu nasi unaohusu jambo hilo. Kuanzia mwaka 1978, Mmarekani Robert Sapolsky aliwafuatilia nyani wa eneo la Maasai Mara nchini Kenya, akipima kotisoli, homoni ya msongo, katika damu yao. Katika kundi lenye ngazi zilizotulia, madume wa chini walikuwa na kotisoli nyingi hata siku ambayo hawakuguswa. Kuishi chini ya wakubwa wanaowapokonya chakula na kuwapiga bila sababu kulitosha kuwapa msongo. Wale waliokuwa na wenzao wa kukaa nao na kuchambuana manyoya walikuwa na nafuu. Kisha, miaka ya 1980, kifua kikuu kilichotokana na nyama mbovu jalalani kwenye hoteli ya watalii kiliwaua madume wakali wa kundi moja. Waliobaki walikuwa wapole, na katika miaka iliyofuata madume wa chini wa kundi hilo hawakuonyesha tena dalili zile za msongo.

Ninachokiona hapo ni kwamba utulivu wako unategemea pia wanaoishi juu yako. Mwajiri anayewaletea wafanyakazi semina ya kupumua huku akiwanyima mapumziko ameanzia mwisho. Na kotisoli ikikaa juu miezi na miaka, presha hupanda, usingizi huharibika, na kinga ya mwili hudhoofika.

Kwa hiyo pumua ili kichwa kipate nafasi ya kufikiri, halafu andika madeni yote kwenye karatasi ukiwa na mtu unayemwamini, dada au mwenzio wa kikoba. Nendeni wawili kuomba marejesho yapangwe upya. Kukaa na mtu asiyekuhukumu pia kunautuliza mwili, wala usiione aibu.

Naamka saa tisa usiku, kifua kinadunda.

Anza kwa kuangalia kahawa unayokunywa. Nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha saa kumi na mbili jioni kinakukuta kitandani saa tano usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini hiyo hiyo. Ukiamka, usiangalie saa wala simu. Ukiona usingizi haurudi, ondoka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu, urudi macho yakiwa mazito.

Duka la dawa waliniuzia vidonge vya kutuliza moyo. Niendelee?

Inategemea ni vidonge gani. Propranololi hupunguza mapigo, lakini kwa mwenye pumu inaweza kubana njia za hewa hadi kuhatarisha maisha. Diazepamu hutuliza haraka, na mwili huizoea haraka vilevile. Kama umeimeza kila siku kwa wiki kadhaa usiiache ghafla, maana unaweza kupata degedege. Mwone daktari aipunguze kidogo kidogo.

Tena moyo kwenda mbio si msongo kila mara. Goita inayotoa homoni nyingi, upungufu wa damu, na hitilafu ya umeme wa moyo vyote huuharakisha. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au kwenye taya, kuzimia, au kukosa pumzi ukiwa umelala ni vya kukupeleka hospitali usiku huo huo. Fikra za kujiua pia hazisubiri asubuhi: mwambie aliye karibu nawe, akusindikize. Kwa mengine, njoo na boksi la dawa ulizouziwa, na daftari la vipimo vya presha kama unalo.