ELIMU YA MKAAZI: Kwa Nini Rekodi Moja Hutoka Upesi Hapa na Kuchelewa Kule?

Tuseme mwenye duka Kangemi anataka rekodi ya kibali chake cha biashara. Mwenzake katikati mwa jiji ameuliza yake na kujibiwa papo hapo; yeye anangoja, na foleni imefika mlangoni. Wengi husema, "Sistimu iko chini." Huenda haiko chini, bali inatafuta kwa njia ndefu.

Rekodi za huduma huwekwa katika hifadhidata, ndani ya kompyuta kuu ziitwazo seva. Shirika linaweza kuwa na seva kadhaa zenye nakala za rekodi zile zile, na bado moja ikajibu haraka na nyingine polepole. Mafundi hukagua mambo manne:

1. Mtandao. Ombi hujaribiwa kwenye seva yenyewe. Likijibiwa upesi hapo, huenda kuchelewa kunatokea njiani, kwenye mtandao.

2. Faharasa. Hii ni orodha iliyopangwa, kama ile ya nyuma ya kitabu. Ikikosekana kwenye seva moja, seva hiyo husoma rekodi zote, hata zikiwa milioni 1. Ikiwepo, kwa kugawa orodha nusu kwa nusu, rekodi hupatikana kwa hatua zipatazo 20.

3. Takwimu. Seva huchagua njia ya kutafuta kwa kukadiria wingi wa rekodi. Makadirio yakipitwa na wakati, huweza kuchagua njia mbaya. Katika programu ya PostgreSQL, amri ya EXPLAIN huonyesha njia iliyochaguliwa, na ANALYZE huhuisha takwimu.

4. Kumbukumbu. Seva iliyowashwa sasa hivi husoma kutoka diski, hivyo ombi la kwanza huchelewa kuliko la pili. Ndiyo maana ombi hupimwa mara kadhaa kabla ya kulinganisha seva.

Kununua mashine mpya kabla ya ukaguzi huu kunaweza kuwa kupoteza pesa za umma: faharasa ikikosekana, hata mashine mpya italazimika kusoma rekodi zote.

Mkaazi, fanya hivi:

- Ukilipa na jibu likachelewa, usikimbilie kulipa tena. Hifadhi ujumbe wa malipo, kisha uulize kama yamepokelewa.
- Andika tarehe, saa, huduma uliyoomba na nambari ya kibali, umpe afisa wa kaunti ndogo yako, iwe Westlands au Dagoretti.

"Sistimu iko chini" haimwambii fundi mengi. Nambari na saa humwonyesha pa kuanzia.