Kabla ya kulipia jakuzi: tayarisha boma kwanza, pesa ifuate

Bonasi ya majani chai ikishaingia, kwa kawaida mwezi wa kumi, ndipo watu wengi Kericho na Bomet hushughulikia nyumba. Wengine wamejenga kanyumba ka wageni kando ya shamba, na sasa wanawaza jakuzi. Ni wazo zuri. Tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jioni mvua ikishapita, mgeni atalipa vizuri akae kwenye maji moto akitazama chai. Shida ni kwamba watu hulipia jakuzi kwanza, halafu ndipo wanauliza itakaa wapi. Lori linafika, chini ni matope, dereva anarudi na mzigo, na unalipa usafiri mara mbili. Bonasi nayo ni ya mara moja kwa mwaka, na upande wetu huu wa magharibi mwa Bonde la Ufa haijakuwa nono kama ya wenzetu wa Mlima Kenya.

Tuanze na uzito, maana ndio unaosahaulika. Lita moja ya maji ni kilo moja. Jakuzi ya lita 1,200 ikijaa ina kilo 1,200 za maji peke yake. Ongeza chombo chenyewe, tuseme kilo 300, na wageni watano wa kilo 70 kila mmoja. Jumla ni kilo 1,850, kama magunia ishirini ya mahindi ya kilo 90, yote yamesimama pahali pamoja. Hiyo haikai kwenye veranda ya mbao bila mhandisi kuikagua, wala haikai kwenye nyasi.

Sasa angalia mteremko wako. Boma nyingi za huku ziko kwenye kilima, na ili kupata uwanja, mtu hukata upande wa juu na kumwaga udongo upande wa chini. Weka jakuzi pale palipokatwa, si pale palipojazwa. Udongo wetu mwekundu uliojazwa hushuka polepole kila msimu wa mvua, na chombo kikiinama hata kidogo, maji yanalalia upande mmoja na viungo vya mabomba huanza kuachana. Chimba mtaro wa kupitisha maji ya mvua upande wa juu kabla ya kumwaga slabu. Slabu yenyewe iwe na mawe yaliyoshindiliwa chini, wavu wa chuma ndani, na unene ambao fundi anayejua uzito huo amekubali. Halafu ngoja. Simiti huhesabiwa kufikia nguvu yake baada ya siku 28, na inamwagiliwa maji siku za kwanza hata kama kuna mawingu.

Hapa ndipo malipo ya kwanza yanaingia, na si ya jakuzi. Simiti, mchanga na kokoto zilipie mwenyewe kwa till ya duka, usimtumie fundi pesa yote akanunue. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea. Kama duka lina jina moja na simu inaonyesha jina la mtu usiyemjua, simama hapo uulize. Fundi mlipe kwa hatua: kuchimba kukiisha, kumwaga kukiisha, na salio siku 28 zikitimia bila nyufa.

Upande wa stima, uliza mambo mawili kabla ya kuagiza. Je, mashine imetengenezwa kwa volti 240 na hezi 50 za Kenya? Zilizotengenezewa soko la Marekani ni za hezi 60, na pampu inaweza kukusumbua. Pili, hita yake inakula kilowati ngapi? Soketi ya kawaida ya ampea 13 inabeba kama kilowati 3 hivi. Zaidi ya hapo unahitaji waya wake pekee kutoka kwenye kisanduku cha stima, waya wa athi ulioshuka ardhini, na swichi inayokata mara moja stima ikivuja. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwambie akuonyeshe leseni, hakuna ubaya.

Gharama ya kupasha maji unaweza kuipiga hesabu leo. Kutoa lita 1,200 kutoka nyuzi 17 hadi 38 kunataka karibu uniti 29, na kwa hita ya kilowati 3 ni kama saa kumi. Fungua meseji yako ya mwisho ya tokeni, gawa pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata, kisha zidisha kwa 29. Ukiona hiyo namba inauma, nunua kifuniko kinene kabla ya taa za mapambo.

Maji ya kumwaga nayo yana njia yake. Usiyaelekeze kwenye shimo la choo, lita elfu moja mia mbili kwa mara moja zitalifurika, wala kwenye mto. Acha kutia klorini siku kadhaa, kifuniko kikiwa wazi, halafu yamwage polepole kwenye nyasi. Na pima lango lako.

Ndipo sasa umtumie muuzaji pesa ya kwanza. Bei inaweza kupita kiwango cha muamala mmoja, kwa hivyo utalipa kwa mafungu hata hivyo. Tumia hiyo kwa faida yako: fungu la kuagiza, fungu la kufikisha, fungu la kufunga, yakiwa yameandikwa kwenye makubaliano. Tuseme ukweli hapa, kwa sababu tunaulizwa sana. Ukituma kwa namba isiyo yako, tupigie mara moja, tutajaribu kuzuia kabla haijatolewa. Lakini ukimlipa muuzaji uliyemkusudia, halafu asilete mzigo, huo si muamala uliokosewa na hatuwezi kuurudisha tu kwa ombi lako. Utahitaji polisi au korti, na meseji za malipo ndizo ushahidi wako, kwa hivyo usizifute.

Fungu la mwisho likae kwenye simu yako mpaka jakuzi ijae, ifike nyuzi 38, ikeshe usiku mmoja, na asubuhi ukute slabu ni kavu pande zote.