Mwanga Mweupe na Rangi ya Damu: Taa za LED katika Uchunguzi wa Usiku

Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipotua Unyanyembe, mgonjwa aliyelala ndani ya tembe alitazamwa usiku kwa moto wa kuni au taa ya mafuta. Mwanga wa namna hiyo ni hafifu, lakini una wekundu mwingi. Kasoro yake ni kwamba huipaka kila ngozi umanjano, hata manjano ya mtoto mchanga yasitambulike. Siku hizi, katika zahanati za vijijini mkoani Tabora, taa ya LED ya umeme wa jua inachukua nafasi ya koroboi na karabai. Nayo ina kasoro yake, ambayo mkunga hana budi kuijua.

LED nyeupe, kwa asili yake, hutoa buluu. Kwa kuvumbua LED hiyo ya buluu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Juu yake hupakwa fosfori inayogeuza sehemu ya buluu kuwa manjano, na jicho likipokea rangi hizo mbili pamoja huona weupe. Wekundu uliokolea huwa haba. Ndiyo maana utando wa ndani ya kope la chini huweza kuonekana umepauka ilhali damu inatosha. Alama ya CRI iliyoandikwa kwenye boksi haitoshi kutuliza moyo, kwa kuwa hukokotolewa kwa rangi nane zilizofifia, na wekundu uliokolea haumo. Anayenunua taa ya chumba cha kujifungulia atafute 90 au zaidi, tena aulizie R9, kipimo cha wekundu huo.

Dawa ya upungufu huu inatafutwa katika nukta za kwanta: fuwele za nanomita 2 hadi 10 hivi. Ajabu yake ni kuwa rangi hufuata ukubwa: dutu ni ileile, lakini fuwele ndogo hutoa kijani na kubwa zaidi nyekundu. Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walitunukiwa Nobel ya kemia mwaka 2023 kwa kazi hiyo. Nukta zikichanganywa na silikoni na kutandazwa juu ya LED za buluu zilizopangwa kwenye utando wa plastiki, hupatikana taa nyeupe inayokunjika, ambayo yaweza kuzungushiwa mkono wenye jeraha. Vikwazo vipo: nyingine zina kadimiamu, ambayo ni sumu, na zote huchakazwa na joto, unyevu na oksijeni.

Kwa sasa, mtoto anayeshukiwa kuwa na manjano atazamwe mchana karibu na dirisha. Bonyeza ngozi kwa kidole, kisha uangalie rangi inayobaki. Tazama pia macho, ufizi, viganja na nyayo. Manjano yakitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au yakifika viganjani na nyayoni, apelekwe hospitali mara moja. Mama asidhani kuwa taa nyeupe ya nyumbani itamponya, wala kumwanika juani hakuchukui nafasi ya tiba. Hospitalini hutumika mwanga wa buluu wa nanomita 460 hadi 490, macho ya mtoto yakiwa yamefunikwa.