Kuhakiki riwaya bila kuisimulia upya

Swali: Kila nikihakiki riwaya kwa gazeti letu la chuo, mhariri hunirudishia akisema nimesimulia kisa tu. Nifanyeje?

Jibu: Tafuta swali moja ambalo riwaya yenyewe imekuachia, ulifuate. Chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999. Ukishasema kwamba Yasmin aliozwa kwa Bwana Raza aliyemzidi sana umri, akamkimbia, akaja kupendana na Denge, mpigania uhuru wa Zanzibar, kisa kimetosha. Sasa uliza: uhuru wa Yasmin na uhuru wa nchi ni jambo moja kwa mwandishi huyu, au mmoja unaumeza mwingine? Swali hilo litakurudisha kwenye maandishi: nani anasema, nani ananyamaza, wapi mwandishi anakawia na wapi anapita mbio. Nukuu machache, yale tu yanayobeba hoja yako. Hukumu kali haimvunjii mwandishi heshima, mradi umeithibitisha kwa kurasa zake mwenyewe. Sifa tupu ndizo zinazomdhulumu. Na tafadhali usifichue mwisho. Wapo wengi waliotazama filamu ya Amil Shivji ya 2021 iliyotokana na riwaya hii ambao kitabu chenyewe bado hawajakifungua.