Mnada wa Vitabu vya Kale katika Intaneti

SWALI: Marehemu baba yangu ameniachia vitabu vya kale, na miongoni mwavyo mna kamusi ya Kiswahili ya Krapf. Mimi naishi Uingereza, nami nataka kuviuza kwa mnada katika intaneti. Nifanyeje nisipate hasara?

JIBU: Ndugu yangu, pokea kwanza pole zangu. Kabla ya kukinadi kitabu chochote, kifungue kwa taadhima, uutazame ukurasa wa jina na ule wa nyuma yake, upate kujua ni chapa ya mwaka gani, kwani kamusi hiyo iliyopigwa chapa London mwaka 1882 na nakala zilizochapwa upya baadaye hazilingani kwa thamani, ijapokuwa maneno yaliyomo ni yale yale. Kisha, katika mnada kama eBay, ulioanza mwaka 1995, usizitegemee bei wanazozitaka wauzaji, bali zile ambazo wanunuzi wamekwisha kuzilipa, maana kutaka ni kwa kila mtu, lakini malipo ndiyo yabainishayo thamani. Kitabu adimu kiwekee kima ambacho hutaridhia kukiuza chini yake, kisije kikaenda kwa bei ya kutupa siku ambayo wanunuzi ni haba. Aibu zake, iwapo ni doa, tundu la wadudu au ukurasa uliopotea, zieleze zote na kuzipiga picha, kwa kuwa uaminifu ndio rasilimali ya kwanza ya mfanyabiashara. Vitabu vya kawaida viuze kwa mafungu, na kila kifurushi ukipime uzito kabla ya kutaja gharama ya posta.