Jina na Upatanisho katika Maelezo ya Picha za Kuchapwa: Mfano wa Marsha P. Johnson

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza namna Kiswahili kinavyomtaja mtu anayekumbukwa kwa picha ya kuchapwa, pale ambapo jinsia yake ilikuwa kiini cha harakati zake. Mfano unaotumika ni Marsha P. Johnson (1945–1992) wa New York, ambaye mwaka 1970, pamoja na Sylvia Rivera, alianzisha STAR, kundi lililowapa hifadhi vijana waliofukuzwa makwao. Mwili wake ulikutwa katika mto Hudson mwezi Julai 1992. Hoja inayotetewa ni kwamba upatanisho wa Kiswahili humsitiri mtu, lakini hautoshi kumkumbuka.

2.0 Picha isiyo na Jina

Mwaka 1975 Andy Warhol alitengeneza, kwa kuchapa rangi kupitia wavu wa hariri, mfululizo wa picha ambao anwani yake kwa Kiswahili ni “Mabibi na Mabwana”. Marsha alikuwa mmoja wa waliopigwa picha hizo. Zilipoonyeshwa mara ya kwanza, majina yao hayakutangazwa. Wengi walitambuliwa miaka mingi baadaye. Sura zilienea, wenye sura hawakujulikana.

Sanaa ya kuchapa iliyozoeleka Afrika Mashariki ina desturi tofauti. Kanga ina pindo, mji na maandishi, na maandishi hayo huitwa jina. Kanga isiyo na jina huhesabiwa kuwa imepungukiwa.

3.0 Upatanisho na Kirejeshi

Tuchukue mifano ifuatayo ya maelezo yanayoweza kuwekwa chini ya picha:

(1) Marehemu alitetea haki za wasio na makazi.
(2) Marehemu, aliyejiita Marsha, alitetea haki za wasio na makazi.
(3) Marehemu Marsha P. Johnson, aliyehesabiwa mwanamume alipozaliwa na kuishi kwa jina la kike, alitetea haki za wenzake.

Katika (1), kiambishi a- hakidokezi jinsia, wala nomino marehemu. Msomaji wa Liparamba, ambaye lugha ya nyumbani huenda ni Kimatengo au Kimpoto, hataona ajabu, kwa kuwa viambishi vya nafsi vya lugha za Kibantu havitofautishi mke na mume. Hata hivyo, sentensi hiyo imeficha jambo lenyewe lililopiganiwa.

Katika (2) tatizo ni kirejeshi -ji-. Kitenzi jiita, kama jidai na jifanya, hudokeza kwamba msemaji hakubaliani na dai la mtajwa. Athari hiyo hiyo huletwa na alama za mtajo zikizungushiwa jina. Sarufi ni sahihi, lakini heshima imeondolewa. Mfano (3) unalikubali jina kwanza, kisha unaeleza historia yake.

Uamuzi wa Mahakama Kuu ya Kenya wa mwaka 2014 katika shauri la Audrey Mbugua unaafiki mgawanyo huu. Jaji Weldon Korir aliamuru Baraza la Mitihani litoe cheti kipya chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Kufuta alama na kuandika jina ni matendo mawili; la kwanza halichukui nafasi ya la pili.

4.0 Msamiati

Istilahi nazo zahitaji uangalifu. Huntha humhusu mtu mwenye maumbile ya jinsia zote mbili. Shoga, kwa wanawake wa pwani, ni rafiki wa kike, ingawa neno limepata maana nyingine. Aliyebadili jinsia hudokeza tendo lililokamilika mwilini, jambo ambalo si la lazima. Johnson mwenyewe alijieleza kwa maneno ya wakati wake. Herufi P., kwa maelezo yake, ilisimamia maneno yenye maana ya “usilitie maanani”, na ndivyo alivyowajibu waliomhoji kuhusu jinsia yake.

5.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba ukimya wa sarufi ni stara, si kumbukumbu. Mfasiri au mhariri anayeandaa maelezo ya picha ya namna hii aanze na jina ambalo mhusika aliishi nalo, aepuke kirejeshi chenye shaka, na atumie maelezo badala ya istilahi moja isiyotosha.