KOMPYUTA IKIGOMA, SOMA ILICHOANDIKA

Siku hizi kompyuta imefika vijijini. Ipo katika ofisi za vyama vya msingi, ipo shuleni, ipo katika vibanda vya fotokopi. Wapo na wenzetu wanaozo nyumbani. Kompyuta huharibika, kama vile baiskeli na cherehani zinavyoharibika. Lakini ikigoma wengi wetu tunaogopa. Wengine husema imerogwa. Wengine husema, "Basi, imekufa hiyo."

Katika somo hili tutaona jinsi ya kumsaidia rafiki ambaye kompyuta yake imekataa kupokea mfumo mpya. Tutaona pia kwamba kusoma na kuandika ni chombo cha kwanza cha fundi, hata kabla ya bisibisi.

1. MFUMO WA UENDESHAJI NI KITU GANI?

Kompyuta ina vitu vya kushikika: kioo, kibodi, betri, waya. Vitu hivyo peke yake havifanyi kazi. Lazima yawepo maagizo ya kuviongoza. Maagizo hayo makuu ndiyo yanayoitwa mfumo wa uendeshaji. Ukibonyeza herufi A, mfumo ndio unaoamuru herufi A itokee kwenye kioo.

Mifumo ipo ya aina nyingi. Unaojulikana sana huku kwetu ni Windows, wa kampuni ya Microsoft ya Marekani. Mwingine ni Linux. Huo ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi nchini Finland. Ubuntu ni aina mojawapo ya Linux. Ilianza mwaka 2004, na mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Ubuntu hutolewa bure.

Kuweka mfumo ndani ya kompyuta huitwa kusimika. Mafundi wa mitaani wao husema "kupiga Windows". Mfumo hubebwa kwenye flashi. Flashi huchomekwa, kompyuta huwashwa, na maagizo hunakiliwa kutoka kwenye flashi kwenda kwenye diski.

Hapo njiani kuna kitu kingine kinaitwa RAM. Tuchukue mfano wa kituo cha kununulia pamba. Diski ni ghala. RAM ni meza iliyo mbele ya ghala. Kila mzigo unaoingia ghalani hupita kwanza juu ya meza. Shika mfano huo, tutauhitaji.

2. YALIYOMPATA RAFIKI YETU

Rafiki yetu mmoja ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Kikundi kina wanachama 28. Hesabu zote za hisa na mikopo za miaka mitatu zilikuwa ndani ya kompyuta yake ya mkononi. Madaftari ya zamani yalikwisha kuliwa na mchwa.

Mwaka 2024 kompyuta hiyo ilianza kujizima ovyo. Kijana mmoja fundi akaitwa apige Windows 10 upya. Alijaribu mara tatu. Mara zote tatu kazi ilikatika njiani. Mgawo wa fedha za wanachama ulikuwa umebaki wiki mbili. Katibu alikuwa halali usingizi, maana wanachama walianza kunong'ona: "Eti hesabu zimepotea? Au zimefichwa?"

Tulipofika, kijana alikuwa amekwisha kukata tamaa. Akasema, "Mwalimu, dawa yake ni kufuta diski yote tuanze upya."

Tukamjibu, "Ngoja kwanza, kijana wetu. Hesabu za watu zimo wapi?"

Katibu akasema alizihifadhi katika sehemu ya D. Diski ile ilikuwa imegawanywa sehemu mbili, C na D. Windows hukaa C. Kijana alikuwa amefuta C tu. Kama angefuta diski yote, hesabu za wanachama 28 zingekwenda na maji.

3. KWANZA OKOA MALI

Hii ndiyo kanuni ya kwanza. Nyumba ikiungua hatuanzi kwa kupanga matofali mapya. Tunatoa watu na mali kwanza. Mfumo unaweza kupigwa hata mara kumi. Hesabu zikifutika, huenda zisirudi tena.

Tulizima kompyuta, tukachomoa waya wa umeme na betri. Kisha tukafungua kifuniko kwa bisibisi, tukaitoa diski. Tukaiunganisha kwa waya wake maalumu na kompyuta nyingine iliyo nzima. Sehemu ya D ikaonekana. Tukanakili mafaili yote kwenye flashi mbili. Flashi moja akashika katibu, ya pili akashika mweka hazina.

Hatukuishia hapo. Tulifungua kila faili na kulisoma. Tukalinganisha na vitabu vidogo vya wanachama, mmoja baada ya mmoja. Hesabu zilikubaliana. Hapo katibu akashusha pumzi.

Angalia jambo hili. Baadhi ya kompyuta za sasa hufunga diski kwa ufunguo unaoitwa BitLocker. Diski ya namna hiyo ukiipeleka kwenye kompyuta nyingine haisomeki mpaka uandike ufunguo wake wenye tarakimu 48. Kwa hiyo mwenye kompyuta na auandike ufunguo huo kwenye karatasi mapema, auweke mahali salama.

4. PILI, SOMA NA UANDIKE

Tulimwuliza kijana, "Kompyuta ilipokatika iliandika nini?"

Akajibu, "Iliandika maneno mengi ya Kiingereza. Nilibonyeza tu yaondoke."

Ndugu wasomaji, hapa ndipo wengi tunapoteleza. Kompyuta ikigoma mara nyingi huandika sababu. Hata kama hujui Kiingereza, tarakimu na herufi unazijua. Chukua daftari uzinakili kama zilivyo. Ukizipeleka kwa mtu anayejua, atakueleza.

Basi tulirudisha diski mahali pake. Tukaanza kupiga mfumo upya, tukichagua sehemu ya C peke yake, daftari likiwa mkononi. Kazi ilikatika kwenye asilimia 34. Ujumbe ulisema kwamba Windows imeshindwa kuweka mafaili yanayotakiwa, na kwamba huenda faili limeharibika au halipo. Chini yake palikuwa na namba hii: 0x80070570.

Tukarudia bila kubadili kitu. Safari hii ilikatika kwenye asilimia 61. Namba ilikuwa ile ile.

Tukaandika yote mawili. Namba ni moja, lakini mahali pa kukatika ni tofauti. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa, kama tutakavyoona.

5. TATU, BADILI KITU KIMOJA KIMOJA

Mkulima akitaka kujua kama mbegu mpya ni nzuri, habadilishi mbegu, mbolea na shamba kwa mkupuo. Akifanya hivyo hatajua kilichosaidia ni kipi. Na kwenye kompyuta ni vivyo hivyo. Ujumbe ulisema faili limeharibika. Faili linaweza kuharibikia mahali patatu: kwenye flashi, kwenye diski, au kwenye RAM. Tulikagua pamoja na kijana, moja baada ya jingine.

(a) Flashi. Watengenezaji wa mifumo hutangaza alama ya ukaguzi ya kila faili la mfumo. Ile iitwayo SHA-256 huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Ni kama kupima gunia linapotoka shambani, na kulipima tena linapofika sokoni. Uzito ukipungua, ujue gunia limefunguliwa njiani. Tulipiga hesabu ya faili la kijana kwenye kompyuta nzima, tukalinganisha alama zote 64. Zilikuwa sawasawa. Faili lilikuwa zima. Tukalihamishia kwenye flashi nyingine mpya, tukajaribu tena. Ikakatika kwenye asilimia 12, namba ile ile. Kwa hiyo ubovu haukuwa kwenye flashi.

(b) Diski. Tulipokuwa tunanakili hesabu, diski ilisomeka yote bila kusitasita. Zaidi ya hayo, diski huweka kumbukumbu ya afya yake yenyewe. Tuliisoma kumbukumbu hiyo kwa programu ya ukaguzi, haikuonyesha ubovu. Tena, mahali pabovu kwenye diski mara nyingi hukwamisha kazi pale pale. Hii ilikatika 34, kisha 61, kisha 12. Daftari letu lilianza kunyoosha kidole kwingine.

(c) RAM. Ipo programu ya bure iitwayo Memtest86+. Huwashwa kutoka kwenye flashi bila kuhitaji Windows. Kazi yake ni kuandika kwenye RAM na kusoma tena, ione kama kilichoandikwa ndicho kilichosomwa. Ukaguzi huu unaweza kuchukua saa nyingi, hivyo tuliuanza jioni. Hatukungoja sana. Mistari myekundu ya makosa ilianza kujitokeza kwenye kioo.

Kompyuta ile ilikuwa na vipande viwili vya RAM. Tukazima, tukatoa betri, tukachomoa kipande kimoja na kukagua kilichobaki. Kisha tukakagua kile cha pili. Kimoja kilitoa makosa, kingine hakikutoa hata moja. Halafu tukakichomeka kile kizima mahali alipokuwa yule mbovu, tujue kama ni kipande au ni nafasi yake. Hakikutoa kosa. Basi mwizi akawa amepatikana.

Sasa rudi kwenye mfano wetu. Mzigo ulitoka salama kwenye flashi. Ghala lilikuwa zima. Lakini meza ilikuwa na tundu. Mzigo ukipita juu ya tundu, unaharibika. Mzigo hauangukii tundu kila mara, ndiyo maana kazi ilikatika kila safari mahali tofauti. Na ndiyo maana kompyuta ilikuwa ikijizima ovyo tangu mwanzo. Kuipigia Windows upya hata mara mia kusingeziba tundu.

Tulipiga mfumo na kipande kimoja kizima cha GB 4. Kazi ilifika asilimia mia. Siku ya mgawo ilipofika, kila mwanachama alisomewa hesabu yake, na minong'ono ikaisha.

6. SABABU NYINGINE ZA KAWAIDA

RAM mbovu ni sababu moja tu. Zipo na nyingine:

- Umeme kukatika katikati ya kazi. Hakikisha betri imejaa kabla ya kuanza.
- Kompyuta kurudi mwanzo kila mara, kama vile haijafanya kitu. Mara nyingi ni kwa sababu flashi imeachwa imechomekwa, na kompyuta inaanzia tena kwenye flashi. Inapojizima na kujiwasha mara ya kwanza, chomoa flashi.
- Saa na tarehe kupotea. Ndani ya kompyuta nyingi mna betri ndogo ya duara. Ikifa, tarehe hurudi miaka ya nyuma, na kazi zinazohitaji intaneti hukataliwa. Sahihisha tarehe, kisha badili betri hiyo.
- Kompyuta kutofikia masharti ya mfumo. Windows 11 hudai RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi za zamani hazina kifaa hicho.

Hili la mwisho linatuhusu sana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Mwenye kompyuta ya zamani asidhani ya kwake imekuwa takataka. Aina za Linux, kama Ubuntu, hukubali kompyuta nyingi za namna hiyo. Tena Ubuntu unaweza kuijaribu ukiwa umeiwasha kutoka kwenye flashi tu, bila kugusa diski. Ukiona inafaa, ndipo uisimike. Lakini usisahau kanuni ya kwanza: okoa mali.

7. TUKUMBUKE

Kwanza, okoa mafaili ya mwenye kompyuta, uyaweke mahali pawili. Pili, soma ujumbe na uunakili. Tatu, badili kitu kimoja, kisha ujaribu. Nne, kila unalolifanya liandike.

Mtu anayekupa kompyuta yake amekupa pia siri zake na hesabu za wenzake. Usisome yasiyokuhusu. Usifute kitu kabla ya kumwuliza.

MANENO YA KUKUMBUKA
Kusimika: kuweka mfumo ndani ya kompyuta.
Diski: ghala la kudumu la mafaili.
RAM: meza ya kazi ya kompyuta; umeme ukizima, vilivyo juu yake hupotea.
Alama ya ukaguzi: alama ya kuhakikisha kwamba faili halikubadilika.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini tulimzuia kijana asifute diski yote?
2. Kompyuta ilikatika kwenye asilimia 34, 61 na 12. Jambo hilo lilitufundisha nini?
3. Hesabu za kikundi chenu zimehifadhiwa mahali pangapi? Moto au mchwa wakija leo, mtabaki na nini?
4. Zoezi: nakili namba hii kwenye daftari bila kukosea: 0x80070570. Mpe mwenzako aikague.